Chungu hakina tundu? Panda kinachopenda tope

Ukipata chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu, au lile sufuria la bibi ambalo hakuna anayethubutu kulitoboa, usikimbilie alovera eti haina usumbufu. Kwa uzoefu wangu wa kupanda maua hapa Arusha, hiyo ndiyo ya kwanza kufa. Alovera na dungusi ni mimea ya ukame. Maji yakituama chini, mizizi hukosa hewa ikaoza, na majani utayaona bado mazima. Kuweka kokoto chini hakusaidii: maji hung'ang'ania udongo ulio juu yake, na mizizi ndiyo inayopunjwa nafasi.

Mimi huchagua mimea ya bondeni. Magimbi nayapenda kuliko yote; yamezoea kandokando ya mifereji, na majani yake yanapendeza barazani kuliko maua mengi ya bei mbaya. (Watoto wasiyatafune mabichi, yanawasha koo.) Mafunjo nayo yanafaa kama chombo ni kikubwa. Ndani ya nyumba weka manipulanti, ambayo hata kipande cha shina lake huota mizizi kwenye glasi ya maji.

Masale yana mambo yake. Unyevu yanauvumilia, ila maji ya sehemu nyingi kuuzunguka Mlima Meru yana floraidi, hii hii inayotutia meno rangi ya kahawia. Masale hayaipendi kabisa. Ncha za majani hukauka. Chungu chenye tundu unakimwagia maji mengi, chumvi zinatoka. Kisicho na tundu kinazilimbikiza mwaka hadi mwaka. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kwa hiyo masale yangu yanakunywa maji ya mvua niliyokinga kwenye ndoo.

Mvua yenyewe isiingie chomboni moja kwa moja. Masika yakianza, sogeza kila kitu upenuni, maana kwa magimbi udongo uwe tope lakini maji yasisimame juu yake. Mbu wa dengi wanatosheka na maji kidogo tu, na ndani ya wiki moja hivi wameshaanza kuruka.

Na kama moyo wako uko kwa alovera tu, ipande kwenye kopo la plastiki ulilotoboa, ulitumbukize ndani ya chungu cha kauri. Ukimwagilia, subiri kidogo, linyanyue, umwage yaliyochuruzika.