Mota ya kazi ngumu: kabla ya hosipawa, uliza itakaa wapi

Mteja wa mota ya stima akinipigia simu anaanza na hosipawa, yaani nguvu ya mota. "Fundi, nataka ya ishirini, ni pesa ngapi?" Mimi namrudishia swali, itakaa wapi? Kwa sababu ile ya kuzungusha feni ndani ya stoo safi hapa Nakuru na ile ya kuvuta makapi ya miwa kule Muhoroni ni mota mbili tofauti kabisa, hata kama zote ni ishirini.

Anza na bodi. Alumini ni nyepesi na bei ni poa, lakini kwa mashine ya kuponda mawe mtetemo utaimaliza, chukua ya chuma kizito cha kasti. Alafu gonga boksi ya waya na kava ya feni usikie, maana kuna wauzaji wanakupea bodi ya kasti safi na hizo zingine ni bati tu limepakwa rangi ile ile. Rangi yenyewe iwe epoksi, bolti ziwe za kutoshika kutu.

Kisha IP, ile namba inayosema mota imezibwa kiasi gani. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP55 inatosha kwa kazi nyingi, inavumilia maji ya mpira na vumbi kidogo, lakini kwa kinu cha unga ama kiwanda cha samaki Kisumu kinachooshwa kwa presha kila jioni, mimi sishuki chini ya IP66. Na usichanganye mambo, kazi ngumu si sawa na kuzuia mlipuko. Vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka, mahali kama hapo unaagiza mota iliyopewa cheti cha hiyo kazi.

Kitu kinaniuma ni mtu analipia IP66 alafu kebo inapitishwa kwa tundu kubwa bila glendi, ile ya kubana na kuziba kebo, na nafasi inazibwa na juala la plastiki. Serikali ilipiga juala marufuku 2017 lakini fungua boksi za mota uone zilihamia wapi! Na vile vitundu vidogo vya kutoa maji chini ya bodi, mota ikifungwa ukutani ama kulala upande vinaweza kuangalia pembeni ama juu, sasa badala ya kutoa unyevu vinakunywa mvua.

Hii ingine wengi huku hawaijui. Nguvu iliyoandikwa kwa kibati, kile cha maelezo kwa bodi ya mota, kawaida imehesabiwa kwa joto la digrii 40 na mwinuko usiozidi mita 1000. Kisumu imepita hapo kidogo tu, lakini Nakuru tuko karibu mita 1850 na Eldoret ni zaidi ya 2000, hewa ni nyepesi na haipozi mota vile inafaa. Kwani tunaponea wapi? Baridi yetu. Kwa mwinuko wa Nakuru mota bado itatoa nguvu yake yote kama hewa inayoizunguka haipiti kama digrii 31, so ukiiweka nje iko sawa, ukiiweka kando ya boila umeua. Hapo nunua saizi moja juu, ama tafuta yenye insulesheni ya daraja F, inayovumilia joto zaidi, lakini joto lake linapanda kwa kiwango cha B tu, daraja la chini yake, hiyo imebakisha nafasi ya kupumua. Mafundi tunahesabu hivi, kila digrii 10 za ziada zinakata maisha ya waindingi, zile nyaya zilizozungushwa ndani, nusu.

Mota za mitumba za Marekani ni imara, siwezi kataa, lakini soma kibati. Ikiwa ni volti 460 na 60Hz, ukiipea stima yetu ya 415 na 50Hz sumaku ndani inajaa kupita kiasi, inachemka, na pia inazunguka polepole, ile ya mizunguko 1775 kwa dakika inashuka hadi kama 1480, sasa pampu yako haitoi maji uliyohesabu.

Rilei ya kuzima mota fesi moja ya stima ikipotea, usiulize kama ni lazima, stima ya huku unaijua.

Na ukinunua ya akiba iweke pakavu, mbali na sakafu inayotetemeka, mtu azungushe shafti kwa mkono kila mwezi. Siku ya kuifunga pima waindingi na mega, kile kipimo cha insulesheni, ikisoma chini ya megaomu 5 usiwashe, ikaushe kwanza.