Nikiinama kupiga snuka, mpira unaingia ukungu: ni uzee au ni miwani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mstaafu wa miaka 63, naishi Mombasa. Ujanani nilicheza sana pool ya mtaani, na sasa rafiki zangu wamenivuta kwenye klabu yenye meza kubwa ya snuka. Nimeupenda mchezo. Ila nikiwa wima nauona mpira mwekundu ng'ambo ya meza bila shida, nikiinama kulenga unaingia ukungu, na ukingo wa fremu unanikata mbele ya macho. Navaa lenzi za progresivu, zile za mbali na karibu zisizo na mstari. Nikizivua, mpira wa mbali siuoni sawasawa. Wenzangu wananiambia hayo ndiyo macho ya uzee, nirudi kwenye bao. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Bao liache kwanza. Kwa ulivyoeleza, miwani yako haikutengenezwa kwa mkao huo, na ndipo nitakapoanzia kabla ya kuyalaumu macho.

Lenzi ya progresivu imegawanywa kutoka juu kwenda chini. Juu kuna namba ya mbali, katikati namba ya umbali kama wa kompyuta, chini ya kusomea. Aliyeipanga hivyo alimfikiria mtu mwenye kichwa wima. Mchezaji wa snuka hushusha kidevu karibu na fimbo, uso ukaelekea kitambaa, macho yakapanda hadi chini ya nyusi kuutafuta mpira. Wakati huo unatazama kupitia ukingo wa juu kabisa wa lenzi, ambako picha hupinda, au unapita juu ya fremu, ambako hakuna namba yoyote. Shingo nayo ina mchango wake. Kijana huinama huku ameinua uso. Shingo ya miaka sitini na kitu haikunjuki hivyo, basi macho hulazimika kupanda zaidi kuifidia.

Kwenye pool hukuligundua hili kwa sababu meza ile ni fupi. Uwanja wa meza kamili ya snuka una urefu wa mita 3.57 na upana wa mita 1.78, mpira una kipenyo cha milimita 52.5 tu, na midomo ya mashimo imeviringwa, kwa hiyo mpira uliokosewa kidogo unatemwa nje.

Tatizo lako si geni. Mwaka 1985, kule Sheffield, Dennis Taylor alimshinda Steve Davis 18 kwa 17 katika fainali ya ubingwa wa dunia, kwa mpira mweusi wa mwisho kabisa, akiwa amevaa miwani mikubwa iliyoonekana kama imepinduliwa juu chini. Wengi waliifanyia mzaha. Kwa sisi wa fani hii, ile ilikuwa kazi safi: vioo vimepandishwa juu na kuelekezwa mahali macho yalipo mchezaji akiwa ameinama.

Sasa yako. Agiza miwani ya pili, ya mchezo tu, yenye namba moja lenzi nzima. Usikubali progresivu, wala ile yenye mstari. Fremu iwe ndefu kwenda juu, ipite nyusi ukiweza kuipata. Fremu za kizamani za vioo vikubwa zinafaa kuliko hizi nyembamba za leo. Kabla hujaenda kwa fundi, nenda klabuni, inama kama unavyopiga, na mwenzako abandike kipande kidogo cha selotepu kwenye lenzi ya sasa pale jicho lako linapopita. Ukiona jicho linapita juu ya fremu, apime ni milimita ngapi. Mpelekee fundi kipimo hicho, umwambie kitovu cha lenzi akiweke hapo, si mbele ya mboni ukiwa wima kama ilivyo desturi. Mwelekeze pia mwinamo wa fremu: miwani ya kawaida huinamisha vioo chini kuelekea mashavu, yako iwe kinyume, vioo vitazame juu kidogo.

Namba yenyewe ndiyo sehemu ambayo watu huiharibu. Ukiinama, mpira mweupe, ule unaogongwa na fimbo, uko chini ya mita moja kutoka jichoni, na mwekundu unaweza kuwa mita mbili au tatu. Jicho la miaka 63 haliwezi tena kuvuta karibu na mbali kwa zamu, kwa hiyo lazima tuchague. Mimi huanza na namba yako ya mbali kisha naongeza nusu daiopta (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Nusu daiopta inaweka ukali kamili kwenye mita mbili, na kutoka mita moja na robo hivi hadi mwisho wa meza ukungu unaobaki ni mdogo sana. Mweupe utalainika kidogo, nao hauhitaji ukali wa herufi za gazeti, maana mtazamo wa mwisho kabla ya kupiga hutua kwenye mpira unaolengwa. Mwombe mpimaji akujaribishe kwa fremu ya majaribio, tena ukiwa umeinama. Lenzi ziwe na tabaka la kuzuia mng'ao, kwa sababu taa za snuka zinaning'inia juu ya meza yenyewe. Na miwani hii usiendeshee gari.

Ikiwa hata kwa miwani mipya ukungu unabaki, taa zina duara la mwanga, au mipira ya kahawia na nyekundu inaanza kukuchanganya, muone daktari wa macho akuangalie mtoto wa jicho. Usikawie pia kama una kisukari.

Mgongo na magoti si fani yangu, ila hulazimiki kugusisha kidevu na fimbo kama wa kwenye televisheni. Simama juu kidogo. Hata macho yatashukuru, kwa kuwa hayatapanda sana. Kanuni inataka angalau mguu mmoja uguse sakafu unapopiga, basi mpira ukiwa mbali chukua fimbo ya kuegemezea bila haya.

Kuhusu umri, Fred Davis alifika nusu fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 1978 akiwa na miaka 64, na Ronnie O'Sullivan alitwaa ubingwa wa 2022 akiwa na 46. Hao walianza wangali watoto, kwa hiyo sikuahidi mfululizo wa pointi 147, yaani alama za juu kabisa ambazo kwa kawaida mchezaji huweza kukusanya kwa zamu moja bila kukosa. Mfululizo wa pointi 20 kwa aliyeanza baada ya kustaafu ni jambo la kujivunia, na macho yaliyorekebishwa yanaufikia.

Miwani ikishatoka, usikimbilie mchezo wa kuwekeana soda. Weka mpira mweupe kwenye alama ya mezani ya mpira wa kahawia, uupige upite juu ya alama za mipira ya bluu, waridi na mweusi, ugonge ukingo wa mbele na kurudi njia ileile. Ukirudi pembeni, umeupiga pembeni huku macho yakikwambia ni katikati. Ukiegemea upande mmoja kila mara, nyoosha kidole kuelekea taa ya mbali, macho yote wazi, kisha ufunge moja moja. Jicho ambalo kidole hakikuhama likiwa wazi ndilo linaloongoza. Jaribu kuipitisha fimbo karibu zaidi na jicho hilo badala ya katikati ya kidevu. Joe Davis, bingwa wa dunia kuanzia 1927 hadi 1946, jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, na fimbo yake ilipita chini ya la kushoto.