Re: Rangi ya rosela imegeuka kijivu baada ya kufua

Pole sana, hapo hujakosea kuchemsha. Umesema kitambaa cha pamba ulichokitia rangi ya rosela, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, kilitoka pinki nzuri halafu ulipofua tu kikawa kijivu cha bluubluu, basi kosa ni la sabuni, rangi ya rosela inabadilika kabisa ikikutana na magadi au sabuni kali, na hata usipofua jua litaipausha tu. Mimi nakushauri hamia kwenye marigoldi, yale maua ya njano na chungwa, ile rangi inashika kweli.

Ila kwanza shabu jamani, ile chumvi (alum) inayosaidia rangi ishike kwenye kitambaa, hapo ndo watu wengi wanaruka! Pima kitambaa kikiwa kikavu, kila gramu 100 weka shabu gramu 15, yeyusha kwenye maji ya moto, loweka usiku kucha. Maua yawe uzito sawa na kitambaa au zaidi, yapike moto mdogo kama saa moja bila kutokota sana, chuja ndo utumbukize kitambaa. Ukitaka kijani cha zeituni, ongeza maji kidogo sana ya misumari yenye kutu, kidogo tu maana chuma kikizidi kinachakaza nyuzi. Na anza na kipande kidogo kwanza.