Wazazi wazima, mtoto ana selimundu: imetoka kwa nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na mume wangu ni wazima, na watoto wetu wawili wa kwanza hawana tatizo lolote. Wa tatu ana miezi tisa. Alivimba vidole vya mikono na miguu, akapimwa, majibu yakasema SS. Mawifi zangu wanadai ugonjwa nimeuleta mimi, kwao haupo. Ni kweli? Tena nimesikia hupata mtoto mmoja kati ya wanne. Kwa kuwa huyu ameshaupata, nikizaa mwingine atakuwa salama?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hapana, kwa yote mawili.

Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachohusika na himoglobini (kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu): moja ya baba, moja ya mama. Nakala ya kawaida tunaiita A, ya selimundu S. Tofauti yao ni herufi moja tu ya kinasaba, lakini inatosha kuifanya himoglobini igandamane oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu ya damu ijikunje kama mundu. Mtoto wa SS amepewa S mbili. Wewe huna uwezo wa kumpa zote mbili; moja ametoa baba yake.

Nyinyi wawili basi mtakuwa AS. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, kwa sababu A yake inamtosha, na utotoni S hiyo hata humkinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana inaweza kupita kimya kutoka babu hadi mjukuu, mpaka AS aoane na AS. Ukoo kusema "kwetu haupo" mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyepima.

Sasa hiyo hesabu ya mmoja kati ya wanne, ambayo karibu kila mzazi huielewa vibaya. Chukua sarafu mbili, yako na ya mumeo, kila moja upande mmoja A na wa pili S. Kila mimba ni kuzirusha upya. Zinaweza kuangukia AA, AS, SA au SS, na kila moja ina asilimia 25. Sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Kwa hiyo mimba ijayo ina asilimia 25 zilezile za SS, kama ilivyokuwa ya kwanza. Nimewahi kuona wenye watoto watatu wa SS mfululizo, na wengine wa AS kwa AS wasiopata hata mmoja.

Mkienda kupima, ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini (elektroforesisi). Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinajikunja hakitofautishi AS na SS. Tena, mumeo akionekana hana S, msianze kugombana. Kuna himoglobini C na kuna thalasemia ya beta, hitilafu nyingine za himoglobini zinazorithiwa. Moja yake ikikutana na S yako, mtoto huugua selimundu vilevile, na ile ya thalasemia majibu yake yanaweza kusomeka kama SS. Kundi la damu, O au B, halihusiki kabisa.

Wale wawili wakubwa wapimeni pia. Kuwa wazima hakumaanishi ni AA: kila mmoja ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa AS, na atahitaji kulijua hilo kabla ya kuoa au kuolewa. Mkipata mwingine, apimwe akiwa mchanga, maana himoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mama huficha dalili miezi ya mwanzo. Wako aliyevimba vidole alikuwa na ugonjwa tangu siku ya kwanza.

Na mawifi? Kaka yao akiwa AS, ameirithi S kwa mmoja wa wazazi wao, na kila wifi ana angalau nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Wakapime nao.