Springi ikiruka, usinyanyue mguu

Springi niliyoipoteza ilikuwa fupi kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho. Jua lilikuwa linazama kambini Selous, miaka ile kabla sehemu ya pori haijamegwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Nimekaa mkekani nje ya hema, bolti ya bunduki ya .375 iko mapajani, yaani kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili kuingiza risasi. Nikabonyeza kipini kidogo kilicho ubavuni mwa shingo ya bolti, nikakizungusha, nikasikia "tik". Kipini kimebaki kidoleni. Springi yake haipo.

Nikainuka kuitafuta. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kifaa kidogo hakipotei kinaporuka. Hupotea pale unapokikanyaga ukakizamisha mchangani, au kinapodondoka kutoka kwenye mikunjo ya nguo yako ukiwa umeshasogea hatua tano. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi ya kutunza bunduki alinipigia kelele: "Simama hapo hapo mwanangu! Usinyanyue mguu!"

Akaniambia nikung'ute shati na suruali juu ya mkeka, nivue kandambili na kuzigeuza. Hakuna kitu. Akasema nikae tena kama nilivyokuwa nimekaa, nishike bolti kama nilivyokuwa nimeishika. Nikakaa. "Tundu linatazama wapi?" Lilikuwa linatazama mti wa mkwaju. Akaenda jikoni, akarudi na chekecheke ya unga, tukaanza kuchekecha mchanga kuanzia mkekani kuelekea mkwajuni, kidogo kidogo, tochi ikimulika kwa ubavu karibu kabisa na ardhi ili hata kitu kidogo kitupe kivuli kirefu. Tuliipata hatua nne kutoka nilipokuwa nimekaa, kwenye mstari uleule wa tundu.

Tangu siku ile sifungui kifaa chochote chenye springi kabla ya kujiuliza swali la yule mzee. Springi hurukia upande ambao tundu lake limeelekea. Ukishaujua upande huo, unaweka kizuizi kabla hujabonyeza, si baada ya kusikia "tik". Mimi hutumia mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani: naingiza bolti na mikono yote miwili, kisha nabonyeza. Kama huna mfuko, beseni refu lenye kitambaa cheupe chini linatosha, mradi tundu lielekee ukutani mwa beseni na si usoni mwako. Chini weka shuka lisilo na maua, maana ukipekua springi kwenye kanga utaumia macho bure. Sumaku ya spika mbovu nayo ni msaada mkubwa, kwa kuwa springi na pini nyingi ni za chuma.

Bunduki nyingi za bolti zinazotumika kwa wanyama wakubwa zimefuata muundo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1898, hata zile za .375 H&H, risasi iliyotoka London mwaka 1912. Ukiujua muundo ule mmoja, unajua ni wapi pa kuogopa. Pa kwanza ni hicho kipini cha shingo ya bolti. Pa pili ni springi kuu ya pini ya kupigia, ambayo haipotei kirahisi lakini ina nguvu ya kukujeruhi: ncha ya pini inaegemezwa kwenye ubao mgumu, unasukuma chini, ndipo unazungusha kipande cha nyuma robo mzunguko na kukiachia taratibu. Hapo usiwe na haraka wala mikono yenye mafuta.

Pa tatu ndipo paliponifunza zaidi. Upande wa kushoto kuna kizuizi cha bolti, na ndani yake kimejificha kibapa cha chuma kinachorusha ganda nje baada ya kupiga. Mafundi wanakiita ejekta. Skrubu moja tu inashikilia vyote viwili. Ukiitoa, kizuizi kinakuja mkononi, na ejekta inateleza kimya kimya, haina hata ile "tik". Siku moja nilifunga bunduki yote, nikaipangusa ikang'aa, nikaiona iko sawa. Mzee akanipa risasi za mazoezi, zile zisizo na baruti wala fataki, akasema nizipitishe. Ya kwanza iliingia vizuri. Nilipovuta bolti nyuma, ikabaki imeshikwa na kucha ya bolti, haikuruka. Ejekta ilikuwa kwenye mkunjo wa turubai nililofanyia kazi. Nilimfikiria mtu aliye mbele ya nyati aliyejeruhiwa, anavuta bolti na ganda halitoki. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo trei ya mayai haiko mbali nami. Kila kifaa kinapotoka kinaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio, na kabla sijaanza kufunga nahesabu mashimo yaliyojaa. Simu ipige picha kila hatua. Skrubu mbili kubwa za chini zitenganishwe pia, maana hazilingani urefu. Ile ndefu ya nyuma ukiipeleka mbele, ncha yake inaweza kuigusa bolti. Na bisibisi ijaze mfereji wote wa skrubu, la sivyo utachubua kichwa chake.

Lakini vifaa vingi hupotea kwa sababu vilifunguliwa bila haja. Usafi wa kila jioni hauhitaji bisibisi. Hakikisha bunduki haina risasi, angalia kwa macho, ingiza na kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, risasi zote ziwekwe mbali na meza. Toa bolti, pitisha brashi kuanzia chemba, kausha kwa kitambaa, paka mafuta kidogo, rudisha. Kufungua hadi mwisho ni kwa bunduki iliyotumbukia mtoni au inayohifadhiwa msimu ukiisha.

Na ikitokea umechekecha mchanga wote usipate kitu, tafadhali usikate springi ya kalamu ukaipachika. Nimeona ikifanyika. Ni laini mno; kipini hakikushika, shingo ya bolti ikajizungusha bolti ikiwa nje, na mwenye bunduki akashindwa kuirudisha bolti alipoihitaji. Agiza springi ya muundo uleule kwa fundi mwenye leseni. Wakati unasubiri, funga karatasi kwenye kifyatulio, andika kwa herufi kubwa IMEPUNGUA KIFAA, uirudishe kabatini na kufuli juu.