Kukata video bila kuirenda upya: alama A iwe kwenye fremu ya I

Umeuliza kwa nini kipande ulichokata kwa Avidemux, programu ya kuhariri video, kinaanza na picha iliyoganda au miraba miraba, ilhali ulichagua sekunde sahihi kabisa. Chanzo ni mgandamizo wenyewe. Kwenye H.264, mfumo wa kugandamiza video, fremu (picha moja moja za video) za aina ya I pekee ndizo hubeba picha kamili; za P na B huhifadhi mabadiliko tu, zikitegemea fremu nyingine. Ukianzia katikati, programu ya kuchezea haina picha ya kujengea.

Kwa hiyo bonyeza mshale wa juu au wa chini kwenye kibodi: unaruka kutoka fremu ya I hadi nyingine. Hakikisha aina ya fremu inayoonyeshwa chini ya dirisha ni I, kisha weka alama A, ya mwanzo wa kipande, hapo. Mwisho una uhuru zaidi, kwa hiyo alama B, ya mwisho wa kipande, itafute kwa mshale wa kushoto na kulia, fremu moja moja. Fremu yenye alama B yenyewe huachwa nje. Fremu za mwisho zikiharibika, sogeza alama B mbele hadi fremu ya I inayofuata.

Video Output na Audio Output zibaki kwenye Copy, yaani kunakili bila kurenda (kugandamiza) upya, halafu chagua MP4 Muxer, ili faili iwe ya MP4, na uhifadhi.

Utabaki na ziada kidogo mwanzoni, na hilo halikwepeki kwa kunakili tupu. Ukitaka fremu ileile, LosslessCut, programu nyingine ya kukata video, ina Smart Cut, inayorenda upya kipande kifupi cha mwanzo tu. Bado ni ya majaribio: kagua mahali kipande kilichorendwa kinapoungana na kilichonakiliwa kabla hujafuta faili asili.