Mbawakawa wa Budongo: picha peke yake haitoshi

Ndugu yangu wa Masindi, umeuliza jina la mbawakawa mdogo mweusi uliyemkuta chini ya gome la mti ulioanguka msituni Budongo, Uganda, na kama urudi ukachukue wengine. Kwanza kibali. Budongo ni hifadhi iliyo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na utafiti unahitaji pia idhini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Usiende na chupa kabla ya hapo.

Ukishapata, chukua wachache tu, lakini madume wasikosekane. Spishi nyingi hufanana kabisa kwa nje, na hutofautishwa kwa umbo la uume chini ya darubini. Ndiyo maana sithubutu kukupa jina kwa picha. Wahifadhi kwenye ethanoli, yaani alkoholi. Baadaye, ukimtoa kumkausha na kumpanga, kwa udogo wake usimchome pini, mgundishe kwenye ncha ya karatasi ngumu.

Na lebo, tafadhali, siku ileile: mahali, mwinuko, tarehe, aina ya mti, jina lako. Mdudu asiye na lebo huniuma sana, maana hakuna wa kumrudishia historia yake. Kisha ulizia jina lake kwenye makumbusho ya zuolojia pale Chuo Kikuu cha Makerere.